Barafu ya Mama Ezra

Jumatano, 27 Novemba 1996

Nimefagia. Nimeosha vyombo. Nimechemsha maji ya kunywa. Kisha nimeitazama friji tena. Bado imesimama kwenye kona, kimya, kama mgeni aliyekataa kiti. Haijawashwa. Mimi ndiye niliyekataza.

Jana ililetwa hapa Kawangware kwa mkokoteni kutoka Lavington, kwenye nyumba ambayo Anti Risper amefanya kazi miaka tisa. Wenye nyumba wamerudi kwao ng'ambo, wakamwachia. Ni kubwa, nyeupe, ina milango miwili, na nyuma ya mlango wa juu kuna mashine inayotengeneza barafu yenyewe. Vijana wa mkokoteni waliilaza kwa ubavu, wakaifunga kamba, wakaivuta wakiimba. Anti alitembea nyuma yake kama anayesindikiza bibi harusi.

Alinipa kijitabu chake kwa sababu ni cha Kiingereza na mimi niko kidato cha pili. Nilianza kukisoma kabla ya chai. Ukurasa wa nne: friji ikisafirishwa ikiwa imelala, iachwe imesimama siku nzima kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya mota yarudi mahali pake.

Tatizo ni kwamba ploti nzima, wapangaji wa vyumba vyote, ilikuwa imeshakuja. Na vikombe. Mama Syombua wa mlango wa pili alikuja na jagi. Ilibidi niseme mimi. Sauti ilinitoka kama ya panya.

"Ni mpaka kesho jioni. Kitabu kinasema."

"Kitabu cha nani?" Mama Syombua akauliza. "Hiki kitabu kimeshawahi kuhisi kiu?"

Watu walicheka. Wakarudi na vikombe vyao vikavu. Nilitaka kuingia ndani ya friji nijifungie.

Alhamisi, 28 Novemba

Inafanya kazi! Tuliiwasha jana saa kumi na mbili jioni. Ilitetemeka kidogo, halafu ikaanza kunguruma polepole kama paka aliyeshiba. Anti alipiga magoti. Mimi nililia. Sijui kwa nini. Sijawahi kulilia kitu cha chuma.

Leo mlango umefunguliwa na watu kumi na saba. Hawataki chakula. Wanataka kuona taa. Baba Njoroge, keateka anayesimamia ploti, anataka kujua kama taa huzimika mlango ukifungwa. Amefungua ghafla mara sita, akidhani ataikamata. Mwishoni akasema tumwingize mtoto mmoja ndani aende akaangalie, halafu atuambie. Alikuwa anamaanisha. Nikamwonyesha kidude cheupe kando ya mlango, nikakibonyeza kwa kidole, taa ikazimika. Akakibonyeza mwenyewe mara tatu.

"Wee Adhis, wewe utakuwa injinia."

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula.

Amekubali friji ibaki na stima mchana na usiku. Sharti lake ni moja: maji baridi saa sita, kila siku, glasi kubwa.

Ijumaa, 29 Novemba

Niandike vizuri kwa nini niko hapa, maana siku moja nitasahau.

Kwetu ni Gatwekera, Kibera. Shule zilipofungwa Mama alinituma nije nimsaidie Anti, ambaye ni mdogo wake, hadi harusi. Harusi ni Jumamosi, tarehe kumi na nne. Anti ana miaka thelathini na sita na watu walikuwa wameacha kumuuliza. Sasa anaolewa na Bwana Ezra, fundi wa mbao, mtu mpole ambaye hupangusa viatu hata akiwa anatoka nje.

Mamake Ezra hakuitaka ndoa hii. Alitaka msichana wa kwao, Vihiga, Mluhya kama wao, siyo Mjaluo kama sisi, tena mdogo. Alikuja mwezi wa pili, wakati wa jua kali, kumwona Anti. Aliletewa maji yaliyokuwa yamekaa kwenye mtungi wa plastiki juani. Akanywa, akatema. "Nairobi hata maji ya kunywa ni ya kuoga." Anti akajibu, mbele ya watu wote: "Mama, siku ya harusi utakunywa maji ya barafu. Yangu mwenyewe." Mama Ezra akacheka kwa pua. "Hiyo nitaona."

Anti hakuwa na friji. Hakuwa hata na ndoto ya friji. Aliropoka tu. Halafu mwezi huu wale wa Lavington wakamwachia hii, na yeye anasema Mungu alimsikia akiropoka akamhurumia.

Kwa hiyo lazima barafu iwepo.

Na leo nimefika ukurasa wa tisa. Mashine ya barafu hupata maji kwa paipu kutoka ukutani. Ukuta wetu ni mabati. Mfereji wa ploti uko karibu na choo na hufunguliwa siku tatu kwa wiki.

Sijamwambia Anti.

Jumapili, 1 Desemba

Sikusikiliza mahubiri hata kidogo. Nimetubu. Lakini nimepata!

Ukurasa wa kumi na moja una mchoro. Maji huingia kwenye kitreya chenye vyumba vinane. Mashine haijui maji yametoka wapi. Inachojua ni baridi tu. Maji yakiganda vya kutosha, vidole vya plastiki huzunguka na kuvisukuma vipande hadi kwenye kisanduku cha chini. Na kuna mkono wa waya: kisanduku kikijaa, vipande huuinua, mashine inapumzika.

Kwa hiyo anachokosa huyu ni mtu wa kummiminia. Nitamiminia mimi. Kwa kikombe.

Nimemwambia Anti jambo lote, paipu na kikombe pamoja. Alikuwa anasonga ugali. Hakuacha kusonga. "Sasa si umimine, nyathina, mwanangu, unangoja nini?"

Nimemimina saa kumi jioni. Maji yaliyochemshwa na kupozwa.

Jumatatu, 2 Desemba

Krokrokro! Tuliruka wote wawili. Anti alidhani ni panya kwenye mabati. Nikafungua: vipande vinane, kila kimoja kama mwezi uliokatwa nusu. Vyeupe katikati, vingine vina mapovu madogo ndani. Nilikishika kimoja mpaka vidole vikauma.

Kisha nikafanya kilichoandikwa. Barafu ya mwanzo hutupwa, maana ina vumbi na ladha ya plastiki. Nilibeba kisanduku hadi nje nikamwaga mtaroni, mbele ya Mama Syombua aliyekuwa anaanika nguo.

"Uuuwi! Unamwaga barafu? Risper! Njoo uone mtoto wa dadako, amesoma mpaka imekuwa ugonjwa!"

Watoto walikuwa wameshaiokota. Walikimbia nayo mashatini wakipiga kelele. Hakuna aliyeumwa tumbo mpaka sasa.

Barafu ya pili tumeila sisi. Anti alitia yake kwenye chai ya moto ili aone nani atashinda.

Jumanne, 3 Desemba

Kosa. Nilimimina kikombe kizima nikidhani maji mengi ndiyo barafu nyingi. Yalifurika, yakaingia kisandukuni, yakagandisha kila kitu pamoja. Tofali moja. Baba Njoroge alikuja kwa glasi yake, akaliona, akaleta panga. Nilisimama mbele ya friji nikatandaza mikono. Alirudi nyuma. Ukurasa wa kumi na sita: usitumie kitu chenye ncha, utatoboa bomba la gesi, na gesi ikitoka friji imekufa.

Tumeweka kisanduku juani. Tofali limeyeyuka likateleza kama samaki.

Nimekwaruza alama kwenye kikombe kwa msumari. Hapo, siyo zaidi.

Alhamisi, 5 Desemba

Siku njema kuliko zote za mwaka huu. Niziandike kazi zangu ili niione furaha yangu.

Asubuhi nafuta raba ya mlango kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na magadi kidogo. Raba chafu haifungi. Namimina hadi kwenye alama. Baada ya saa mbili hivi, krokrokro. Namimina tena. Vitunguu navifunga kwenye karatasi, kwa maana barafu hunywa harufu. (Hili kitabu kilisema, lakini nimelijua hasa siku Baba Njoroge alipokunywa maji yenye ladha ya samaki mbichi. Alimaliza glasi. "Ni kama nimeenda ziwani," akasema.)

Saa nane Bwana Ezra alipita. Alishika ukuta wa friji kwa kiganja kama mtu anayepima mbao. Akaniuliza mimi, siyo Anti, inavyofanya kazi. Nilimweleza karibu nusu saa. Sikupata kigugumizi. Alipoondoka nikagundua nimeongea nusu saa.

Kisanduku kimejaa, mkono wa waya umeinuka. Anti anaimba akiosha miguu. Siku tisa zimebaki.

Jumapili, 8 Desemba

Baada ya ibada akina mama wa kanisa walikuja wote, kumi na wanane, wakiimba njia nzima kutoka kanisani. Mama Syombua ndiye mwenyekiti wao. Alibeba kifurushi kichwani. Walijazana chumbani hadi wengine wakabaki mlangoni.

Kilikuwa kitambaa cha krosheti. Lakini siyo kama vile vya kwenye makochi na redio. Hiki ni cha friji! Kila mama alifuma kipande chake nyumbani, kisha vikaunganishwa. Cheupe, kina maua ya waridi, kinafunika juu, pande zote na mgongo hadi sakafuni, na mbele kinaachana kama pazia. Walikuja kuipima wakati sipo. Walisema nyumba ya bibi harusi haiwezi kuwa na kitu kikubwa namna hii kikiwa uchi.

Waliivisha. Waliiombea. Mama Syombua alirekebisha pindo kama anayemvisha mtoto wa ubatizo. Anti alilia na kuwakumbatia mmoja mmoja. Ni kizuri. Kweli ni kizuri. Juu yake wakaweka sanduku la nguo za harusi na chombo cha maua.

Ukurasa wa tano unasema: acha nafasi ya upana wa kiganja juu na nyuma, usifunike chochote, joto la friji hutokea mgongoni.

Niliukumbuka ukurasa wa tano wakati wote wa maombi. Sikusema kitu.

Jumanne, 10 Desemba

Barafu imechukua saa tano. Mota haipumziki. Kuna jasho kwenye mlango wa juu. Nimepitisha mkono chini ya kitambaa. Ubavu wa friji ni wa moto kama sufuria.

Jumatano, 11 Desemba

Nimepata na kosa la pili. Pindo la mbele huingia kwenye raba kila mlango unapofungwa. Uzi mnene. Mlango unaonekana umefungwa lakini haujafungwa. Hewa ya chumba inaingia usiku kucha.

Leo asubuhi nilikiinua kitambaa, nikakikunja juu, mgongo ukabaki wazi. Nilijisikia mwizi. Chumba cha Anti sasa ni kama soko, akina mama wanaingia na kutoka, huyu anachambua mchele, huyu anashona gauni. Dakika kumi tu, Mama Syombua akaingia. "Ai, nani amemvua huyu?" Akakiteremsha tena, taratibu, akakipiga kofi dogo la mapenzi. "Atapata baridi."

Ilinibidi nitoke nje. Nilicheka na nikataka kulia, vyote pamoja, karibu na mfereji.

Alhamisi, 12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Nje kuna redio kila mlango na watoto wana bendera za karatasi.

Kisandukuni kuna maji. Maji tu. Barafu yote niliyoiweka akiba kwa ajili ya Jumamosi imeyeyuka. Maziwa yameganda kwa uchachu.

Nimemwambia Anti. Nilimwonyesha ukurasa wa tano na nikamtafsiria. Alikaa kitandani. Akasema akina mama hao ndio wanaopika chakula cha harusi. Ndio walioazima sufuria, viti, mpaka turubai. Mama Syombua alifuma sehemu ya mgongo peke yake, siku kumi, na macho yake ni mabovu. "Ukimvua, umenivua mimi." Afadhali aaibike kwa Mama Ezra mmoja kuliko kwa akina mama kumi na wanane.

Lakini nilimwona alivyokuwa anakunjakunja kanga mkononi. Mama Ezra anafika kesho jioni. Na kwa mwaka mzima Anti amekuwa akimwambia kila mtu: neno langu kwa yule mama ni maji ya barafu.

Nimekasirika. Sijui nimemkasirikia nani. Nafikiri ni mimi mwenyewe. Jumapili ningesema neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimefanya. Naandika mbio, mwandiko huu ni mbaya.

Saa tatu asubuhi akina mama walikuwa wanamenya viazi ndani. Walikuwa sita. Nilikuwa nimeandaa hotuba kichwani tangu alfajiri, yenye heshima, yenye utangulizi. Nilisimama katikati na kijitabu. Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Walinitazama wote. Kisu cha Mama Syombua kilisimama katikati ya kiazi.

"Nini, Adhis? Umemeza ulimi?"

Anti alikuwa ananitikisia kichwa nyuma yao: usiseme, usiseme.

Basi sikusema. Nilimshika Mama Syombua mkono, ule uliolowa wanga wa viazi, nikamwinua. Alikuja kwa sababu alishangaa. Niliupitisha mkono wake chini ya kitambaa, nikauweka kwenye ubavu wa friji. Nikaubonyeza hapo.

Uso wake ukabadilika. Akahamisha kiganja juu, akahamisha chini, akaweka na cha pili, kama vile anavyowashika wajukuu wake shingoni.

"Huyu ana homa," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Risper! Huyu ana homa kali! Tangu lini?"

"Tangu Jumapili," nikasema. Hapo sauti ilikuja.

Aligeuka kuwatazama wenzake. Nilidhani ninafukuzwa. "Na nyinyi mmekaa tu mnamenya viazi! Mtu mwenye homa anafunikwa blanketi? Nani alifundisha nani hiyo kazi?" Kana kwamba si yeye. Akalishusha sanduku mwenyewe. Akashusha chombo cha maua. Akakivuta kitambaa kwa mikono miwili, shwaa, friji ikabaki uchi, na akina mama wote wakaanza kuipepea kwa vifuniko vya sufuria. Kwa kweli waliipepea. Mmoja alipendekeza wimbo.

Anti alicheka mpaka akakaa sakafuni kwenye maganda.

Tumeivuta mbele upana wa kiganja. Nimefuta raba. Nimetoa uzi mmoja wa waridi uliokuwa umenasa. Saa nne kamili mlango umefungwa na nimewaambia, kwa sauti yangu ya kawaida, kwamba hakuna atakayeufungua leo isipokuwa mimi. Mama Syombua ameketi mbele yake kwenye kigoda. Baba Njoroge alikuja kwa glasi yake akafukuzwa kama kuku.

Saa kumi na moja jioni: ubavu ni vuguvugu tu. Mota imepumzika mara mbili. Nimemimina hadi kwenye alama. Treya bado ni maji.

Mama Ezra amefika. Yuko kwa Ezra. Wanasema aliuliza kuhusu barafu kabla hajaweka mzigo chini.

Jumamosi, 14 Desemba

Nimekaa chini sasa ndipo niandike. Miguu inauma kwa kucheza. Mimi! Nilicheza.

Tuliamka saa kumi na moja alfajiri na kisandukuni kulikuwa na vipande vinane. Nikamimina. Saa moja, vinane vingine. Saa tatu vikaanguka vya mwisho tukiwa tunamvisha Anti shela. Vichache viliwekwa kinywani na mtu ambaye sitamtaja, ambaye leo alikuwa bibi harusi. Alisema ni vya kutuliza roho. Nilitia vilivyobaki kwenye themosi ya uji yenye mdomo mpana, nikaishika kifuani ibada nzima. Mchungaji alidhani ni uji wa mtoto.

Wageni walikuwa zaidi ya mia mbili kwenye uwanja wa kanisa, na soda zote zilikuwa za moto. Anti hakutafuta njia ya kuwagawia wote barafu. Alinipungia mkono. Nilimpelekea Mama Ezra glasi kubwa kwenye meza ya wazazi. Vipande sita na maji yaliyochemshwa. Kiti chake kilikuwa kimetandikwa kitambaa cha friji, kimekunjwa mara nne. Mama Syombua alisimamia hilo mwenyewe.

Mama Ezra ni mwembamba, mrefu, hacheki ovyo. Aliitazama glasi. Akaizungusha, vipande vikagonga. Aliingiza vidole viwili akatoa kipande kimoja, akakiangalia kwenye mwanga, akampa shangazi wa Ezra aliyekaa kando. Shangazi akapiga kelele kidogo akampa anayefuata. Kikapita meza nzima ya wazee, mkono hadi mkono, kila mmoja akisema "ei!", mpaka wa mwisho akabaki na kiganja chenye maji. Mama Ezra akatoa kingine, kikubwa, akakitia mdomoni.

Wakati huohuo msema chochote, yule mwendesha sherehe, akachukua maikrofoni: "Na sasa, mama mzazi wa bwana harusi, atusalimie!"

Alisimama. Akakabidhiwa maikrofoni. Kimya. Alitutazama sote, shavu moja limevimba, hakufungua mdomo. Sekunde kumi. Ishirini. Watu wakaanza kunong'ona. Mtu nyuma yangu akasema, "Amekataa. Amekataa mbele ya watu." Ezra aliinamisha kichwa. Anti alikunjakunja shela lake vidoleni. Mimi nilijua, lakini niliihesabu kila sekunde.

Halafu, kwenye maikrofoni, tukasikia: KRAA.

Uwanja mzima ulisikia, pengine na Kibera. Akatafuna. Kraa, kraa. Akameza. Akafumba macho kabisa kwa baridi, akayafumbua, na nikaona machozi na meno yake yote.

"Samahani," akasema. "Nilikuwa na mgeni mdomoni."

Vigelegele! Sijawahi kusikia vigelegele kama vile. Aliinua glasi. "Huyu msichana aliniahidi. Mimi nilimcheka. Sasa wewe, Risper, njoo hapa." Anti akaenda karibu akimbie, viatu vya kuazima vikimtoka. Mama Ezra alimtia kipande cha barafu mdomoni kwa mkono wake mwenyewe, kama keki, kisha kimoja Ezra. Wote wawili wakashindwa kuongea. Picha ilipigwa hivyohivyo, mashavu yamevimba.

Mama Syombua aliniburuta katikati nikacheze. Sikumbuki wimbo.

Jumatatu, 16 Desemba

Kimya. Anti na Ezra wako kwao, mitaa mitatu kutoka hapa. Friji itahamia huko wiki hii. Ezra ameunda kitoroli cha mbao ili isilazwe. Nimetoa kila kitu, nimeosha rafu, nimeacha milango wazi ikauke. Inadondosha tone moja moja kwenye beseni.

Mchana Mama Ezra alikuja peke yake. Alisema nyumba ya maharusi haina nafasi ya mama. Akaketi kwenye kigoda. Nilimwonyesha treya, vidole vya plastiki, waya. Alisikiliza. Halafu akasema jino limemuuma tangu Jumamosi na angependa maji ya kawaida tu. Nikampa.

Aliniuliza kama ninajua kuandika barua. Anataka kumwandikia dada yake aliyebaki na ng'ombe nyumbani. Nilikata ukurasa katikati ya daftari hili. Alisema, nikaandika.

Kwamba alifika salama. Kwamba harusi ilikuwa na nyama. Kwamba huku Nairobi kuna maji yenye mifupa, na yeye ameyatafuna, na yaliuma kama moto. Kwamba asiuze ndama mpaka arudi.

Tone likaanguka, na jingine.

"Andika: mke wa Ezra ni Mjaluo, lakini akiahidi anatimiza."

Nikaandika. Akaniambia nimsomee. Nilisoma yote tangu juu, na nilipofika hapo akainua kidole.

"Hiyo 'lakini'. Itoe."

Nikaikata kwa mstari mmoja. Nikamsomea tena.